Mlango wa Wino

Kama umekuja kunicheka, nenda ukacheke kwingine. Haya nitakayokwambia hayakumpata jirani wa jirani yangu. Yalinipata mimi, siku ya pili ya Idd, mchana, jua likiwa utosini, nami nikiwa na akili zangu timamu na njaa ya pilau. Mama yangu yuko hai, muulize. Bwana Mutiso naye yuko hai. Yeye atakwambia hakuona kitu, na ni kweli hakuona, maana alikuwa chini anakula.

Kwanza ujue ninachofanya, kwa sababu wengi hudhani nimerukwa na akili. Mimi ni mshonaji, hapa hapa Kibokoni, na kwa miaka mingi nimeshona yunifomu za watu wa reli. Ndivyo nilivyojuana na Mutiso, Mkamba wa mtaa wa Buxton, aliyekuwa gadi wa treni. Alipostaafu aliniletea suruali nimpunguzie kiuno, akaona juu ya cherehani kitreni cha bati nilichokiunda kujiliwaza. Akakigeuza geuza, akasema magurudumu nimeyakosea. Nikamwambia basi atengeneze yake. Tangu siku hiyo hatujaacha. Ghorofani kwetu kuna meza iliyomeza chumba kizima, na juu yake reli, stesheni, njia ya Makupa yenye bahari ya rangi huku na huku, na treni inayokwenda kwa mota tulizozitoa kwenye redio za kaseti zilizokufa. Ukiita hivyo vitu vya watoto, sikupi chai.

Bibi yangu alikuwa akinihadithia kwamba zamani vigari vya kusukumwa vilipita juu ya reli katika vichochoro vya mji huu. Basi nikaamua reli yangu itapita Kibokoni mpaka Bandari ya Kale, watake wasitake. Mutiso alinuna, akisema hakuna treni iliyowahi kupita hapo. Kisha akarudi na mfuko wa vijiti vya aiskrimu, tukavikata vya kulazia reli, tukazijenga na nyumba za mtaa kando yake.

Sasa sikiliza. Nyumba iliyotazamana na yetu, ya mawe na chokaa, yenye mlango wa nakshi ambao watalii walikuwa wakisimama kuupiga picha, ilivunjwa. Wenyewe walishahamia ng'ambo, wakataka ghorofa za kupangisha. Ikapigwa nyundo siku nyingi, vumbi likatuingia mpaka kwenye sukari. Na usiku ule ilipokwisha kuanguka yote, usingizi wa mama nao ukaondoka.

"Kuna mtu apiga hodi," akaniambia. "Mwanamke. Mfungulie, mwanangu."

Nikafungua. Kichochoro kitupu, paka tu. Kesho yake tena, na keshokutwa. Mama analala chumba cha chini, karibu na mlango, na kila akifumba macho anasikia hodi. Mimi sisikii kitu. Hospitali walimpa vidonge, shehe akamsomea, nami nikafukiza ubani mpaka nikakohoa. Wapi. Akawa anakonda namwona, nikimshika mkono nahisi mfupa. Ndugu yangu wa Nairobi akapiga simu: "Dada, Idd ikiisha nakuja na gari nimchukue. Hapo kwako mama atakufa." Usinione mkali hivi, nililia juu ya cherehani mpaka nikailowesha kanzu ya mtu. Mama hajui kwingine ila Kibokoni. Nilijua akipanda gari lile, nitarudishiwa maiti.

Mikono yangu ikikosa la kufanya, hutengeneza kitu. Mama akikesha nami nakesha, na katika kukesha huko nikaijenga ile nyumba iliyovunjwa. Boksi la viatu, kisha nikaipaka chokaa yenyewe niliyoizoa kwenye kifusi. Nikaiwekea madirisha, baraza, hata ule ufa wa juu uliokuwa ukitutisha kila mvua. Nikaiweka mahali pake kwenye meza, ikitazamana na kijumba cha nyumba yetu. Ila mlango wake wa nakshi ulinishinda, na Idd ilikuwa mlangoni, basi nikauchora kwa kalamu ya wino juu ya ukuta. Mutiso akaguna. "Fundi, huo haufunguki." Nikamwambia watu wanakuja kuona treni, hawaji kufungua milango.

Kila Idd tunawafungulia watu chumba. Wanaacha viatu chini ya ngazi, wanapanda kwa zamu, watoto wanagombania swichi, na watu wazima wanazitafuta nyumba zao. Mwaka huu wengi waliitafuta ile iliyovunjwa, wakainama kuitazama. Adhuhuri ilipoadhiniwa wakatawanyika. Mutiso akashuka kula. Nikazima umeme wa meza, nikabaki kuokota maganda ya njugu.

Nilipoinua kichwa, palikuwa na mtu upande wa pili wa meza.

Mwanamke mtu mzima, amevaa buibui la zamani, lile la kamba, ambalo siku hizi huvaliwa arusini kwa mchezo tu. Ngazi yetu ni ya mbao, hata paka akipanda inalia. Haikulia. Nikajiambia masikio yamezeeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Hakunitazama. Alikuwa ameinamia ile nyumba ya boksi. "Hii yangu. Umeijenga vyema. Lakini mbona mlango ni wa wino? Ntangia vipi?"

Mimi sipendi kukosolewa, tena na njaa. Nikamjibu kwamba nyumba ni ya boksi la viatu, haingii mtu.

"Ile nyingine ilikuwa ya mawe," akasema taratibu. "Nayo i wapi? Kila usiku nimekuya kwenu nikabisha. Mama yako asikia. Wewe husikii."

Wajua watu wa hapa husemaje, ukikutana na mwanamke usiyemwelewa, tazama miguu, utaona kwato. Sikutaka kutazama. Nikatazama. Ilikuwa miguu ya mtu kabisa, yenye hina iliyofifia kwenye kucha, lakini imejaa vumbi jeupe la chokaa mpaka vifundoni. Na nyayo nyeupe zilitoka mlango wa chumba mpaka pale aliposimama. Hebu niambie, wewe ungefanya nini? Ungepiga kelele? Mama alikuwa chini, ningemtia hofu. Ungekimbia? Yeye ndiye aliyekuwa upande wa mlango.

Niamini, hofu ilikuwapo, lakini hasira iliipita. "Kumbe ni wewe unayemuua mama yangu," nikamwambia.

"Simuui. Sina pa kulala, mwanangu, nami nimechoka."

Hilo la kuchoka alilisema sawasawa na mama anavyolisema alfajiri, kwa sauti ile ile. Hasira yote ikaniishia. Nikaona haya, hata sijui kwa nini.

Nikachukua wembe wangu wa kukatia nyuzi, nikaukata ule mlango wa wino, nikautupa. Kwenye mkebe wa vifungo nilikuwa na kibanzi cha mlango wa kweli, nilichokiokota siku ya kuvunjwa bila kujua cha nini. Nikakipunguza mpaka kikatosha. Bawaba sikuwa nazo, nikakishonea kitambaa. Maisha yangu yote nimetunga uzi kwenye sindano. Siku ile ulinikataa mpaka nikausomea Bismillahi. Yeye alingoja tu, mikono kifuani, mfano wa mteja aliyeahidiwa nguo yake leo. Mwishowe nikausukuma mlango kwa ncha ya kidole, ukafunguka.

"Hodi," akasema.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Tangu utotoni tumekanywa, hodi ya usiyemjua alikotoka usiijibu, maana ukiijibu umeshamkaribisha na hatoki tena. Nikaufikiria mkono wa mama. Nikalifikiria gari la ndugu yangu.

"Karibu," nikamwambia. "Lakini karibu kwako, si kwetu."

Sikumwona akiondoka. Nilipepesa macho, pakawa patupu. Treni, ambayo umeme wake nilikuwa nimeuzima kwa mkono wangu huu, ikajivuta polepole ikazunguka stesheni, ikaingia kichochoroni, ikasimama mbele ya ile nyumba. Ikakaa kidogo, kama inayoshusha abiria. Mlango mdogo ukajifunga.

Ndipo nikasikia kimya cha chini. Mama, tangu usingizi umtoke, alikuwa haishi kugeuka na kunung'unika kitandani, nimezoea kumsikia hata nikiwa ghorofani. Sasa hakuna. Nilishuka ngazi ile sijui vipi, nikijilaumu kwamba nimemkaribisha mtu na nimemtoa mama badala yake. Mutiso akaniona, akaacha sahani, akanifuata. Mama alikuwa amelala ubavu, kinywa wazi, mkono umening'inia. Nikamwita. Hakujibu. Nikaweka shavu langu puani mwake.

Akakoroma.

Nilikaa chini sakafuni, nikalia nikicheka. Mutiso maskini hakuelewa, akaniletea maji, kisha akaketi mlangoni akazuia wageni wote wasipige kelele. Mama alilala mpaka Alasiri, mpaka Magharibi, na usiku kucha. Asubuhi ndugu yangu alipofika na gari lake alimkuta ameketi barazani, anataka mahamri na mbaazi, na anauliza kwa nini pilau ya jana hakuwekewa. Akasema, "Yule mwanamke hakuja." Basi. Ndugu yangu akala mahamri, akarudi Nairobi na gari tupu. Moyo wangu ulipoa siku ile, na haujawaka tena.

Zile nyayo zilikuwa za kuja tu, za kurudi hazikuwapo. Nilizifagia mwenyewe. Jioni huufunga ule mlango mdogo, na asubuhi naukuta wazi, upepo au si upepo. Mutiso husema mambo hayo hayaamini, yeye ni mtu wa kanisa. Lakini sijamwona akitia mkono katika kichochoro kile kabla hajagonga meza kwa kidole.

Nawe unayejenga nyumba ndogo, za treni, za maonyesho, hata za kumfurahishia mjukuu, nakusihi usichore mlango. Kata. Weka bawaba, ya kitambaa inatosha. Hujui nani amebomolewa kwake na anatafuta pa kuingia, na hujui ni usingizi wa nani atakaoukalia akikosa.

Juzi mimi na Mutiso tulikuwa chini, tunamwekea mama chai, nikasikia nyundo kwenye nyumba ya kona. Mama akaacha kikombe, akanitazama. Sikungoja aseme. Nikamtuma Mutiso akaombe boksi duka la viatu, nami nikapanda juu kuutafuta wembe.