Maji ya Kutafutia Tundu

Simu ya maandishi ilifika Dodoma saa mbili asubuhi. Baba amefariki Gulwe, atazikwa baada ya alasiri. Niliisoma mara moja nikaikunja. Garimoshi la kwenda pwani lilikuwa limepita jana yake, na jingine lingekuja keshokutwa. Kwetu maiti hangoji keshokutwa. Nami nilikuwa mwanawe wa kiume wa pekee. Mimi ndiye niliyepaswa kuteremka kaburini kumpokea na kumlaza.

Nilikuwa karani wa Mdachi mmoja, mpima ardhi. Aliniajiri kwa kuwa nilikaa Berlin miaka miwili, nikiwasomesha maofisa Kiswahili katika chuo kikuu na kusikiliza kila mhadhara nilioruhusiwa. Aliniazima pikipiki yake ndogo, ya pedeli na mkanda wa ngozi, akauliza jambo moja tu.

"Unajua kuziba tairi?"

"Najua, bwana."

Nilijua kwa kusoma kitabu cha maelekezo.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi, na njia ilijaa miiba ya migunga. Tairi la nyuma lilitoboka nilipokwisha kupita Ihumwa. Mwiba ulikuwa bado umesimama mahali pake, basi nikaziba. Likatoboka tena mbele kidogo, nikaziba. Mikono ilifanya kazi na mimi nikaitazama. Nilijaribu kumhuzunikia baba, sikupata kitu. Nilijiuliza ninakimbilia nini. Maiti hajui nani kamshika kichwa na nani kamshika miguu. Nani aliamua kwamba lazima awe mwana? Niliendelea kupiga pampu.

Mara ya tatu jua lilikuwa limepita utosi, na Gulwe haikuwa mbali tena. Safari hii sikuona mwiba. Kando ya njia kulikuwa na tembe, na uani mwanamke wa Kigogo alikuwa akitua kibuyu kikubwa.

"Mbukwenyi, mama," nilimsalimu kwa lugha yake. Akaitika. "Naomba maji."

Alinijazia kata, akanipa kwa mikono miwili, akasimama kuningoja ninywe. Mimi nikayamimina yote katika bakuli la bati la mpima ardhi, nikauzamisha mpira wa ndani, kama kitabu kilivyosema. Maji yakawa tope.

"We! We kijana!" Alinipokonya bakuli, lakini yalikuwa yamekwisha haribika. "Nimekupa unywe! Mimi natoka alfajiri, nachimba mchanga mtoni, wewe unaogesha nyoka?"

"Natafuta tundu, mama. Upepo unapotoka, maji yanatoa mapovu."

"Tundu unatafuta kwa maji?" Alicheka bila furaha. "Nani kakufundisha? Mjaze upepo huyo mdudu wako."

Nikajaza. Alilamba midomo, akaupitisha mpira polepole mbele ya mdomo wake, shubiri kwa shubiri, macho ameyafumba. Hakufika hata nusu.

"Hapa." Akaweka ukucha. "Kibuyu kikiwa na ufa tunakipuliza, midomo inasikia. Anayemwaga maji kutafuta ufa ni mwehu."

Nilimshukuru, nikanyoosha mkono kuuchukua mpira. Hakuuachia.

"Kwanza kalete maji."

"Mama, baba yangu amefariki. Wanamzika leo, alasiri."

 Nadhani alinihurumia, lakini mpira hakuuachia.

"Pole. Lakini baba yako haoni kiu. Watoto wangu wanaona."

 Ningeweza kumpokonya. Nililifikiria hilo, nikaona kwamba ningepaswa kwanza kuamini kuwa yeye ndiye mwenye makosa. Nikachukua kata, nikashuka mtoni. Mashimo yaliyokuwa na maji yalikuwa yamekwisha kaushwa na waliotangulia, hivyo nikachimba langu, nikalala kifudifudi nikingoja maji yachuruzike. Vivuli vya miti ya ukingoni vilirefuka juu ya mchanga. Niliporudi na kata imejaa, alionja, akanikabidhi mpira.

Nilifika Gulwe watu wakirudi kutoka makaburini. Baba mdogo alikuwa mbele, kanzu yake ina udongo mpaka magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tulikungoja mpaka imamu akakataa kungoja zaidi." Aliitazama pikipiki. "Wanasema chombo hicho kinakwenda mbio."

"Kinakwenda, baba."

"Basi kingekwenda. Nimeteremka mimi."

Nikasema ahsante, maana sikujua husemwa nini wakati kama ule. Mtu nyuma yake akanong'ona kwamba usomi wa Ulaya ndio huo. Dada yangu mkubwa alinishika mkono, akaniketisha mkekani pamoja na wanaume, akaniletea wali. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka.

"Kula," alisema. "Umetoka mbali."

Nilikula sahani yote. Akaniuliza kama niongezwe, nikasema ndiyo.