Kumbe Mbali ni Mwanza

Mayu, yaani Mama, Minza wa kijiji cha Zagayu ametamka mchana huu: haogopi ndege, anaogopa basi la Mwanza.

Asubuhi alikuwa amekataa yote mawili.

Daktari wa hapa Bariadi amesema jicho la binti yake, Kabula, linaweza kupona likifanyiwa upasuaji upesi Dar es Salaam. Nafasi ya ndege imepatikana Mwanza. Lakini kaka yake Mayu alikwenda Tanga kukata mkonge, hakurudi. Tangu hapo hataki kusikia habari za mbali.

Niliitwa nimweleze, kwa kuwa nimewahi kupanda ndege.

"Atalala njiani mara ngapi?" akaniuliza.

"Halali, Mayu. Maili zinapita mia tano, lakini ndege inatumia muda wa saa nne hivi, pamoja na kutua Tabora."

"Na kutoka hapa mpaka Mwanza?"

Mvua hizi mnazijua.

"Siku nzima. Mto Simiyu ukijaa, siku mbili."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akajishika ubavu.

"Kumbe mbali ni Mwanza! Dar es Salaam ni jirani!"

Kabula, jicho limefungwa kitambaa, akadakia: "Basi niache niende kwa jirani, Mayu."

"Kwa jirani utakwenda peke yako. Huko mbali nitakupeleka mwenyewe."

Mliopita barabara ya Mwanza jana au leo, niambieni: mto umepungua?

Basi linaondoka Alhamisi alfajiri. Ndege ni Jumamosi.