Ngurumo Inayotoka Kwenye Spika

Saa tatu asubuhi, Fundi Sikio ameinamia boneti la gari jeusi kama mtu anayenong'onezwa siri. Injini inanguruma. Anafumba macho, anakunja uso. Ana miaka thelathini na miwili katika ufundi, na leo hajautambua ugonjwa.

"Baba, limekunyamazia?" binti yake, fundi mwenzake, anamtania.

"Lingenyamaza ningeshukuru. Hili linaniongopea."

Gari ni la daktari wa meno, mteja wake tangu gereji hii ikiwa kibanda cha mabati. Mama huyu hununua gari la aina moja tu, la kifahari, la milango minne, lenye mbio za kutisha. Hili ni toleo la nne, na likishika kasi lina mvumo wa ajabu. Juzi fundi alishusha ekzosi nzima, akaisafisha, akairudisha. Mvumo ukabaki palepale.

"Leo ukishindwa, kaka, nalipeleka kwenye magereji ya kisasa," daktari amemwambia, bila hasira. Wateja tisa wameshahama mwaka huu. Huyu ndiye angemuuma zaidi.

"Gari lake la kwanza lilikuwa kama shangazi mkali," fundi anakumbuka, akitabasamu. "Kabureta ikichafuka, linakusema mtaa mzima ukasikia. La pili likaja na adabu kidogo. La tatu likaleta turbo, injini ikawa ndogo, mbio zikazidi. Lakini yote yalisema kweli."

Binti amekaa kwenye kiti cha dereva, anasoma kitabu cha gari. Ghafla anaangua kicheko.

"Baba! Hili injini yake imezibwa sauti ili abiria wasisumbuke. Hiyo ngurumo inapigwa kwenye spika, dereva ajione yuko mashindanoni!"

"Yaani wamemziba mdomo mwenyewe, wakamlipa mwigizaji?"

Anacheka mpaka anashika mbavu, kisha anachomoa fyuzi ya spika. Wanaingia barabarani, binti akiendesha, baba ametega sikio nyuma. Ngurumo haipo. Kimebaki kilio chembamba, upande wa kushoto.

"Beringi ya gurudumu la nyuma," anasema papo hapo. "Imekwisha."

Wanarudi, wanapiga jeki, wanalizungusha gurudumu kwa mkono. Linakwaruza. Kufikia saa saba beringi mpya imeingia. Daktari anazunguka mtaa mara mbili, anarudi uso umekunjuka.

"Basi na la tano nitakuletea wewe. Ila nasikia litakuwa la umeme, halina injini kabisa."

"Lilete, mama. Nitakuwa tayari."

Hasemi hivyo kujigamba. Ana miaka hamsini na minane, na amejiandikisha darasa la jioni la umeme wa magari pamoja na binti yake.

"Tutakaa dawati moja," binti anamwonya, "na sikuonyeshi majibu."

"Nani kakuomba? Wewe nionyeshe tu mlango wa darasa."

Masomo yanaanza mwezi ujao, Jumanne na Alhamisi. Siku hizo gereji itafungwa saa kumi na moja kamili, na wateja wameshaambiwa.