Nilicheza kwa Jina la Mdogo Wangu, Yeye Nikamfungia Ndani

Mkosa ni mimi. Naanza na hilo ili asije mtu akafika katikati akadhani namtafutia mwenzangu lawama. Nilikosa kwa akili zangu timamu, na aliyeumia ni mtoto wa mama yangu.

Jina langu sitalitaja. Kisiwa chetu pia sikitaji. Ni kimoja katika visiwa vyetu sisi Wabajuni, na kwa uchache wetu nikikitaja tu, kabla ya adhuhuri watu watajua mimi ni binti wa nani. Mdogo wangu nitamwita Barke. Si jina lake. Jina lake nimeshalitumia vya kutosha.

Wakati ule Barke alikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi na saba. Maji ya bahari yakitoka tulikuwa tukicheza mpira kwenye mchanga mgumu, wasichana kwa wasichana, na kila mtu alijua hodari ni nani. Ni Barke! Mguu wake wa kushoto ulikuwa kama una macho. Mimi nilikuwa mzuri, sikatai, lakini uzuri wangu ulikuwa mbio tu. Mimi nilikuwa nakimbia, yeye alikuwa anaona. Nilijua hivyo, na iliniuma.

Siku moja shangazi yetu aliyeko Kismayu akapiga simu. Mwalimu mmoja wa kike mjini alikuwa akikusanya timu ya wasichana wasiozidi miaka kumi na tano kwa ajili ya mashindano. Shangazi alikuwa ameshamwambia, "Nina mtoto wa kaka yangu kisiwani, anaitwa Barke. Huyo mpira umemwingia kichwani." Mwalimu akasema mtoto aje, alete kikaratasi cha shule chenye mwaka wake wa kuzaliwa.

Barke alirukaruka mpaka akaangusha sufuria ya mchuzi! Mama akakubali kwa sharti moja: asiende peke yake. Niende naye mimi mkubwa, nikamtunze.

Nikamtunze! Hilo ndilo neno alilonituma mama.

Hata hatujafika mjini nilikuwa nimeshaanza. Tumekaa chomboni, nikamwambia, "Barke, wewe una mwaka huu na una mwakani. Mimi sina. Mimi umri umeshapita, kilichobaki ni kuolewa tu. Nipe jina lako mara hii moja."

"Na mimi nicheze kwa jina gani?"

"Wewe utacheza mwakani, kwa jina lako."

Kwetu mdogo hamkatalii mkubwa, na mimi nililitegemea hilo. Mwisho akafungua mkoba, akanipa kile kikaratasi. Hakikuwa na picha. Na mimi mwili wangu ni mdogo, hata leo watu hunidhania mtoto.

Mwalimu aliniangalia juu mpaka chini. "Wewe ndiye Barke?"

"Ndiye mimi."

Basi! Maneno mawili tu, nikawa nimeingia mahali nisipoweza kutoka.

Shangazi nilimwambia kwamba Barke ameingiwa na haya mbele ya watu wa mjini, kaniachia mimi nafasi. Shangazi hushinda sokoni akiuza samaki wa kukaanga, hana muda. Akasema, "Mambo yenu ya mpira mimi siyajui. Msinitilie mchanga ndani, hilo tu."

Barke alikaa ndani siku nne. Hata kuja kutazama nilimkataza. Mjini kuna watu wengi wa visiwani, na mmoja tu akimwita "Barke!" mbele ya mwalimu, nimekwisha. Kwa hiyo wenzake wakicheza, yeye yuko juu, kwenye kichumba cha shangazi katika ile nyumba ya mawe ya zamani, dirisha moja, paa la mabati, anasikia vigelegele kutoka mtaa wa tatu.

Tulichezea katika yadi ya skuli, ukuta mrefu kote, askari wawili getini. Watazamaji walikuwa akina mama, dada na shangazi. Tulivaa suruali ndefu na jezi za mikono mirefu, hijabu tumezibana kwa pini zisifunguke. Kipa wetu kila ikipigwa penalti alikuwa akisoma dua kwa sauti kubwa mpaka refa akashindwa kujizuia, akacheka. Mechi ikiisha wanatumegea matikiti, tunakula tumekaa chini wote, Wabajuni na Wasomali, miguu imejaa vumbi, tunaitana abayo, abayo, yaani dada kwa Kisomali. Wallahi, kama ningezipata kwa haki, zile siku nne zingekuwa ndizo siku zangu tamu kupita zote.

Nikirudi, Barke yuko juu ya ngazi ananingoja. Hakununa! Hilo ndilo linaloniua mpaka leo. "Haya, nambie," ananiambia, nami namweleza kila pasi. Siku tuliyoshinda nusu fainali akaniuliza juu ya timu tutakayokutana nayo.

"Kipa wao unasema hutoka mbio?"

"Hutoka kama kafukuzwa."

"Basi usimpige kwa nguvu. Mngoje alale chini, kisha uinue mpira juu yake taratibu. Hivi." Akachukua limau, akaliweka sakafuni, akalinyanyua kwa ncha ya mguu wa kushoto, likaangukia kitandani.

Mtoto alinifundisha namna ya kufunga bao ambalo lilikuwa lake!

Asubuhi ya fainali aliamka amevaa buibui. "Leo nakuja. Nitajifunika uso, nitakaa nyuma kabisa. Nataka kuona tu."

"Huji."

"Dada, siku nne niko humu. Mimi si mfungwa."

"Nimesema huji, Barke."

Macho yake yakabadilika. "Basi nitakwenda mwenyewe kwa mwalimu. Nitamwambia hilo jina ni langu."

Shangazi alikuwa ameshatoka kwenda sokoni. Nilijifanya nimekubali. Nikamwambia anisubiri nikachote maji ya kunawa. Nikatoka, nikavuta mlango, nikatia kufuli.

Kwanza alidhani ni mzaha. Kisha akaanza kupiga mlango kwa viganja. "Dada! Dada, si hivyo! Dada, humu mna joto!" Nilishuka zile ngazi naisikia sauti yake mgongoni, na ufunguo nimeutia ndani ya soksi. Ya Rabbi, sikurudi!

Nilicheza mechi nzima ule ufunguo unanichoma kifundoni. Tulikuwa bao moja kwa moja. Dakika za mwisho nikapata mpira peke yangu, kipa wao akatoka mbio, akalala. Nikauinua taratibu. Ukaingia!

Walinibeba juu juu. "Barke! Barke! Barke!" Akina mama wanapiga vigelegele, mwalimu analia. Nikatazama ukuta nikajiuliza kama sauti zinafika kule. Zilikuwa zikifika, ila hapakuwa tena na wa kuzisikia.

Tunatoka getini na kombe letu, namwona mwanamke anayekaa chini ya shangazi anakuja anahema, buibui imemwanguka. "Wee! Nduguyo ameruka dirishani! Wamempeleka hospitali kwa bajaji!"

Mwalimu akanishika bega. "Tunakwenda sote. Hatukuachi, Barke. Na kombe tutampelekea mgonjwa alione."

Ningesema nini? Niseme waende zao? Tuliingia hospitali wasichana kumi na wanane, wamevaa jezi, wanaimba mpaka mlangoni, na mimi katikati yao kama mtu anayepelekwa kunyongwa.

Barke alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha ukumbini. Aliunga leso mbili za kujitanda, akazifunga dirishani, akajaribu kushuka nazo, zikafunguka. Aliangukia mawe. Goti la kushoto lilikuwa limegeuka namna ambayo goti haligeuki. La kushoto, jamani!

Muuguzi alikuwa na daftari. "Jina la mgonjwa?"

Mwalimu alikuwa nyuma yangu kabisa, nazisikia pumzi zake. Nikisema Barke, yote yamevunjika. Nikataja jina langu mimi.

"Umri?"

"Kumi na saba. Ni dada yangu mkubwa."

Muuguzi akamtazama. "Mbona kadogo hivi?"

"Kwetu sote ni wadogo wadogo."

Barke alikuwa amefungua macho. Alisikia kila kitu. Mwalimu akamwinamia, akampapasa kichwa, akamwambia, "Pole abayo. Mdogo wako leo katupa kombe."

Mdogo wangu alinitazama. Neno moja tu kutoka kinywani mwake lingenimaliza, na nilistahili. Akauliza, "Aliuinua juu ya kipa?"

"Ee! Umejuaje?" mwalimu akacheka.

Barke akageuza uso ukutani.

Mngedhani nilitosheka hapo. Sikutosheka! Kosa la pili ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu la pili sikuwa na haraka wala hasira.

Baada ya wiki kadhaa walikuja madaktari wageni, wanapasua mifupa ya watoto bila malipo. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetuletea habari. Akatuchukua kwa bajaji, akatupangia foleni, kwa mapenzi tu. Tulipofika mbele wakatazama karatasi ya hospitali. "Tunachukua wasiozidi kumi na tano. Huyu ana kumi na saba."

Mwalimu akawaomba, akawasihi. "Mtazameni, ni mtoto!" Wakasema karatasi ndiyo inayosema, na watoto waliobaki nyuma ni wengi.

Nilikuwa nimesimama pale. Ningesema tu, "Karatasi ni ya uongo, huyu ana kumi na minne, niulizeni mimi." Ulimi ulikuwa kinywani mwangu, mzima, haukuumwa na kitu. Nilinyamaza. Tukapanda bajaji, tukarudi.

Goti liliungana vibaya. Sasa ni mwaka wa pili. Barke anatembea, lakini anauburuta mguu, na kwenye mchanga laini huchoka upesi. Mashindano mengine yamekuja na yamepita. Ule mwakani niliomwahidi ulikuja ukampita amekaa barazani.

Mama tulimwambia aliteleza ngazini. Barke ndiye aliyesema, wala si mimi, na shangazi, kwa kuogopa lawama, akaiacha hivyo. Nilipomuuliza kwa nini ananifichia, akasema, "Nikisema, lile kombe watanyang'anywa. Wale wasichana wengine wamekosa nini?" Na nilipomwambia basi nitakwenda kwa mwalimu niungame mwenyewe, akanijibu hivyohivyo, na ukali juu yake. "Ukiungama wewe utalala usingizi. Wao wataamka hawana kitu. Usiwafanye kama ulivyonifanya mimi."

Mnaona nilivyobanwa? Nikisema, nawaumiza kumi na saba wasiojua lolote, pamoja na mwalimu aliyetupenda. Nikinyamaza, namzika mdogo wangu kila siku. Nikienda Kismayu kununua nguo au dawa, wasichana wananikimbilia mtaani, "Barke! Barke wa fainali!" Naitika. Na yeye tukiwa naye wanamsalimia kwa jina langu, wanamwambia pole dada, mguu unaendeleaje. Naye pia anaitika.

Mwezi uliopita nilishindwa. Nikamkuta mama peke yake uani anakwangua magamba ya samaki, nikaketi mbele yake nikamwambia yote, kuanzia kikaratasi mpaka madaktari. Hakunikatiza. Kisu kilisimama mkononi.

"Ufunguo ulikuwa nao wewe?"

"Ndiyo mama."

"Alipokuwa mle ndani alikuita?"

"Aliniita."

"Akasemaje?"

Nikamwambia. Dada, humu mna joto.

Mama aliweka kisu chini, akanawa mikono, akaingia chumbani kwa Barke akafunga mlango. Nilikaa pale uani na wale samaki mpaka nzi wakawajaa. Tangu siku hiyo mama hanitukani, hanipigi. Ananipakulia chakula, ananijibu nikimsalimu. Ila hanitumi tena kumwangalia mtu. Mtoto wa jirani akiachwa kwetu, anampa Barke.

Nimewaandikia nyinyi kwa sababu hamnijui, na kombe la wale wasichana hamwezi kuligusa. Walimu wa timu, nawaomba: mtoto akija na karatasi, muulizeni na aliyekuja naye. Nendeni mpaka nyumbani, mtazame nani amebaki ndani. Wewe mdogo, mkubwa wako akikuomba jina lako, mkatalie, hata akinuna mwaka mzima.

Na wewe uliye mkubwa, unayemwona mdogo wako anakupita na moyo unakuchoma, nakuambia mimi niliyeufuata huo moyo: mwache acheze. Nenda kakae na akina mama ukutani, piga makofi, ulie kidogo ukitaka. Ingeniuma, najua ingeniuma. Ingeniuma siku nne.