Mashine Iliyokataa Kidole cha Mama

Rama, mtoto wa jirani yetu mtaani Kasingirima, ndiye aliyenipa siri: mashine ya vidole pale benki haimsomi mtu aliyekaribia kufa. Eti baba yake mdogo ilimkataa asubuhi, jioni watu wakawa wanatoka makaburini. Niliamini kwa moyo wote. Rama alikuwa amenitangulia darasa moja, ningembishia vipi? Hadi leo nikisikia kile kimlio cha mashine ikikataa, tii-tii, nageuka kutazama ni kidole cha nani.

Mama alikuwa akianika dagaa ufukweni Ujiji. Kutwa aliwageuza kwa mikono juu ya mchanga wa moto, mchanga ambao, nawaambieni, ungekaanga yai pamoja na ganda lake. Siku hiyo alivaa kitenge kipya, akanishika mkono tukaenda tawini kufungua akaunti, aanze kuweka akiba ya sekondari yangu. Ndani kulikuwa na kiyoyozi. Mimi nilijua tumeshafika Ulaya.

Mama akaweka kidole gumba. Tii-tii. Akakifutia kitenge. Tii-tii. Wahudumu wakajaribu vyote vya mkono huu na ule. Kama miguu ingeruhusiwa, wangemvua viatu.

"Mama, leo umekuja na vidole vya kuazima?" mzee mmoja kwenye foleni akamtania.

"Vya kuazima ningechagua vyenye pete!" mama akajibu, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Mimi nililia hadi mlinzi akaniletea maji. Mama akamwambia nina njaa tu, tukarudi nyumbani bila akaunti.

Kuanzia hapo nikawa kupe wake. Nilitoroka shule nikashinda naye ufukweni. Akienda chooni, nasimama mlangoni. Nikilala, nalala nimeshika gumba lake, nalisugua labda litaamka.

"We mtoto, utaning'oa kidole! Nenda kacheze na wenzio."

Sikumwambia. Ningeanzia wapi? Mwaka mzima yeye alikuwa mzima, anacheka, na mimi nilikuwa matangani peke yangu.

Masika yaliyofuata alishikwa na nimonia, hakuamka tena. Ndugu walisema kifo kimewashtukiza. Mimi sikushtuka. Nilikaa mkekani macho makavu, machozi nilishayamaliza, na wanawake wakanong'ona kwamba mtoto huyu ana roho ngumu.

Nilikua nikiikwepa benki kama nyoka. Halafu nikahitimu masomo ya jioni pale Katubuka, nikazunguka na cheti mji mzima kama nimetwaa Kombe la Dunia, nikapata kazi, na mwajiri akataka akaunti. Nikarudi tawi lilelile. Gumba langu likasomwa papo hapo. Nikashindwa kujizuia, nikamsimulia dada wa kaunta habari yote ya mama.

Akaacha kuandika.

"Pole sana, kaka. Mashine haijui nani atakufa. Wagonjwa mahututi tunawafuata hadi wodini, na inawasoma vizuri tu. Wanaotushinda ni akina mama wa dagaa. Mchanga unawala alama za vidole."