Pikapu Aliyoiacha Mutunga

Mutunga alistaafu kazi ya reli Makindu mwaka wa 1982, akarudi kwao Ikutha akiendesha pikapu ya buluu. Haikuwa mpya, lakini mwenyewe aliitunza kama ng'ombe wa maziwa. Mkewe Kalunde alikuwa amezoea kumwona mara moja kwa mwezi, miaka ishirini na miwili. Sasa alimwona kila siku, na mara nyingi alichokiona ni miguu tu, imechomoza chini ya gari.

Jumamosi moja Mutunga aliteremsha propela, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini hadi magurudumu ya nyuma, akabadilisha peke yake krosi zake, yale maungio ya kila ncha. Kazini alikuwa fundi wa mabehewa, si wa magari, ila kwake chuma kilikuwa chuma. Kufikia jioni alikuwa amemaliza. Kesho yake wakienda kanisani Kalunde akasema anahisi kiti kinatetemeka.

"Ni barabara," Mutunga akasema.

Siku kumi na mbili baadaye, asubuhi, akiwafungulia mbuzi zizi, kifua kilimbana akaanguka. Kiema, jirani yao aliyejua kuendesha, akashika usukani. Kalunde akakaa nyuma juu ya godoro, kichwa cha mumewe mapajani. Walipofika mahali barabara ya Mutomo inaponyooka, Kiema akakanyaga mafuta. Mwendo ulipopita sitini, pikapu nzima ikaanza kutikisika hata meno ya Mutunga yakawa yanagongana. Akafumbua macho.

"Mwambie apunguze," akasema. "Hii kitu nitaiangalia Jumatatu."

Kalunde akagonga paa kwa kiganja. Kiema akapunguza, akaendesha taratibu. Walipofika hospitali ya misheni Mutunga alikuwa amekwisha kata roho. Daktari alisema ni moyo. Wangefika nusu saa mapema, alisema, labda ingesaidia, labda isingesaidia.

Kalunde hakulia matangani. Wengine walisema ana moyo mgumu, wengine wakasema ni imani. Yeye hakujihisi hivi wala vile. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unajua upo, unaushika kwa mkono, lakini hauna habari nawe.

Pikapu hakuiuza. Akaanza kununua mbuzi Ikutha na kuwapeleka Kibwezi, ng'ambo ya mto Athi, Kiema akiendesha kwa ujira. Mtetemo ulikuwa pale pale. Chini ya sitini gari lilikwenda kama gari lolote. Likipita hapo, sakafu ilivuma, kioo kikacheza, na abiria akawa anaongea kama mtu mwenye homa. Mbuzi walifika Kibwezi wamelegea, na wanunuzi wakauliza kama ni wagonjwa.

Fundi wa kwanza, Mbuvi wa Kitui mjini, alisawazisha magurudumu. Wa pili alibadilisha mipira inayoshikilia injini. Wa tatu, Kibwezi, aliteremsha propela, akaweka krosi mpya, akairudisha ilivyokuwa. Wa nne akafanya vivyo hivyo na kusema wa tatu alikuwa hajui kazi. Mmoja alimuuzia tairi nne. Kila gari lilipotoka gereji Kalunde alisubiri hadi barabara iliponyooka, akaweka kiganja kwenye dashibodi, na mtetemo ukamjia mkononi kama mgeni anayeijua nyumba.

"Mama, ni barabara zenu," Mbuvi alimwambia aliporudi mara ya tatu. "Kule kwenu ni mawe matupu. Hata ndege ingetetemeka."

Kalunde akamwambia Kiema waipeleke kwenye lami, ile barabara kuu ya Mombasa, kutoka Kibwezi hadi Makindu. Lami ilikuwa laini kama sahani, na pikapu ikatetemeka. Aliporudi kumwambia Mbuvi, Mbuvi alicheka. "Mwanamke akikaa upande wa abiria anasikia mambo mengi."

Basi akajifunza kuendesha. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Wiki za kwanza watu wa Ikutha walisimama mbele ya maduka kumtazama akipita, kisha wakazoea. Kiema akarudi shambani kwake bila chuki. Kalunde akaendesha miaka sita kwa mwendo wa hamsini na tano, akipitwa na kila mtu. Alipolazimika kuzidisha, vidole vilimfa ganzi kwenye usukani. Akawa anavikunjua kimoja kimoja akishuka.

Mwaka wa 1991, siku ya soko Mutomo, alimbeba Mursal, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Garissa, ambaye lori lake lilikuwa limeharibika karibu na Ikutha. Mursal alikuwa mtu wa makamo, si msemaji. Barabara iliponyooka alimwangalia.

"Mama, mbona tunakwenda hivi?"

"Likizidi hapa linatetemeka."

"Tangu lini?"

"Miaka tisa."

Mursal akatazama kipima mwendo. "Ongeza mwendo." Sakafu ikaanza kuvuma. "Sasa toa gia, liache liende lenyewe." Mngurumo wa injini ukashuka, gari likateleza, mtetemo haukubadilika. "Basi si injini," akasema.

Walipofika Mutomo, Mursal aliazima jeki na spana kwa watu wake, akatandika gunia akaingia chini. Hakukaa muda. "Njoo uone, mama."

Kalunde akajikunja akaingia. Mursal akamwonyesha propela. Ilikuwa vipande viwili, kimoja kimeingia ndani ya kingine kwa meno, na kila kipande kina uma wake wa kushikia krosi.

"Hizi uma mbili lazima zilale sawa. Hii imelala, ile imekaa upande. Mtu alivichomoa vipande, akarudisha bila kuweka alama. Amekosea meno machache tu. Waliokuja nyuma yake walishusha propela nzima na kuirudisha nzima. Nani aliichomoa?"

Kalunde alitazama zile uma. "Fundi mmoja," akasema. "Hayuko siku hizi."

Kazi haikuchukua hata saa moja. Mursal alikataa malipo, akaenda kutazama mbuzi.

Kalunde alirudi Ikutha peke yake. Akapita sitini, sabini, themanini. Sakafu ilitulia. Aliweza kusikia upepo dirishani na kamba ikigongagonga bodi ya nyuma. Alisubiri kitu kimjie, furaha au hasira au machozi. Akaifikiria safari ile ya hospitali, gari likiwa hivi, Kiema akikanyaga mafuta. Aliifikiria mpaka mwisho wake, polepole, kama mtu anayesoma barua ya jirani. Hakikuja kitu. Alifika, akawafungia mbuzi, akapika.

Agosti shule zilipofungwa, binti yake Ndila, mwalimu huko Tulia, alikuja nyumbani wakaenda Kibwezi pamoja. Baada ya kilomita chache Ndila akaweka mkono kwenye mlango.

"Mama, gari limepona."

"Eeh."

"Lilikuwa na nini?"

Kalunde akapunguza mwendo, wakapita kundi la ng'ombe. "Baba yako aliifunga propela vibaya, ile wiki aliyobadilisha krosi. Ndiyo maana lilitetemeka tukimpeleka hospitali. Akaniambia nimwambie Kiema apunguze. Nikamwambia."

Hakuwahi kumwambia mtu maneno hayo. Yalitoka kwa sauti ile ile ya kuuliza bei ya chumvi.

Ndila akageukia dirishani. Mabega yake yakaanza kutikisika, kisha akalia kwa sauti, kilio kirefu cha mtoto. Kalunde akaifungua leso kiunoni kwa mkono mmoja, akampa, akarudisha mkono kwenye usukani.

"Nawe hukulia," Ndila akasema baadaye.

"Sikulia."

"Hata sasa?"

"Hata sasa. Pangusa uso, tunakaribia mto, polisi wanasimama kwenye daraja lile."

Walivuka. Walifika Kibwezi soko likiwa bado halijachangamka, wakapata nafasi karibu na lango. Ndila, macho mekundu, alishika kamba za mbuzi huku mama yake akiwateremsha mmoja mmoja, wote wamesimama imara.