Wembe wa Omukago

Hakuna aliyeomba kuingia Omukago. Ulikuwa unaitwa. Mwanachama mmoja alikuchunguza muhula mzima bila wewe kujua: unavyokaa darasani, unavyowasalimia wapishi wa kantini, unavyogombana na unavyopatana. Kisha akalipeleka jina lako kwa wenzake. Wasipokutaka, hukujua kamwe kwamba uliwahi kutajwa. Wakikutaka, kijana mwenye shati jeupe alikusimamisha njiani akakwambia, "Ndugu zako wanataka kukuona."

Mwesiga aliambiwa maneno hayo nje ya maktaba ya chuo, pale Bukoba mjini, alipokuwa mwaka wa pili akisomea ualimu. Aliitikia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeulizwa saa. Alipofika bwenini alijifungia chooni akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Omukago ulikuwa umoja wa wanafunzi wa kiume. Jina walilichukua kwa wazee wa Kihaya, ambao zamani waliweza kufanya undugu na mtu wasiyezaliwa naye, na tangu siku hiyo wasiweze kusalitiana. Wengine chuoni waliwacheka kwa mashati yao meupe na kunong'onezana kwao. Mwesiga hakuwacheka. Alikuwa amewaona huko Muleba, kwenye msiba wa baba wa mwenzao mmoja. Walifika asubuhi kabla hata ya majirani, wakashika majembe, wakachimba kaburi, wakachota maji, wakakata migomba ya kufungia turubai. Hawakumwachia mwenzao afanye chochote zaidi ya kulia.

Mama yake Mwesiga alipofariki, huko Kimwani, yeye akiwa darasa la pili, kaburi lilichimbwa na shangazi yake Edvina na katekista wa kigango. Majirani walisimama mbali kwenye migomba wakitazama. Kila mtu alijua ni ugonjwa gani, na wakati ule bado watu walidhani unaweza kuupata kwa kushika jembe.

Mtoto naye alizaliwa nao. Shangazi Edvina alimweleza wakiwa shambani wanavuna maharage, mwaka aliokuwa anajiandaa kwenda sekondari. "Hivi vidonge si vya kifua kama nilivyokuwa nakwambia," alisema bila kuacha kung'oa maharage. "Una virusi, mwanangu. Ukimeza kila siku utazeeka kama mimi. Usipomeza nitakuzika, na mimi nimechoka kuchimba." Mwesiga alimeza. Alikua, akanenepa, akacheza mpira nafasi ya beki, akafaulu. Hapo chuoni aliweka dawa zake kwenye kopo la vitamini, na kliniki alikwenda upande wa pili wa mji ambako hakuna mwanachuo aliyepita. Mtu pekee aliyejua habari zake ni shangazi.

Usaili wa Omukago ulifanyika kwenye darasa tupu siku ya Jumapili baada ya misa. Mbele yake walikaa wakubwa, na katikati yao Mwijage, mwenyekiti, kijana mrefu wa mwaka wa mwisho ambaye hakuwahi kupandisha sauti wala kuhitaji kufanya hivyo. Walimuuliza juu ya wazazi, juu ya dini, juu ya kijana aliyewahi kupigana naye sekondari na sababu. Alijibu vizuri. Mwishoni Mwijage akajiegemeza kwenye kiti.

"Kuna jambo lolote juu yako ambalo likijulikana baadaye litatushangaza?"

Karugendo, aliyekaa kulia kwa mwenyekiti, alikuwa anachezea kifuniko cha kalamu, na tki, tki yake ndiyo pekee iliyosikika mle ndani.

"Hakuna," alisema Mwesiga.

"Tunakuamini," alisema Mwijage. "Tangu leo unatazamwa."

Wateule walipangwa wawili wawili. Mwenzake Mwesiga aliitwa Protase, kijana mnene, mcheshi, mtoto wa mwalimu wa Kiluteri kutoka Bukoba Vijijini. Waliamriwa kwenda pamoja kila mahali: kula pamoja, kusoma pamoja, mmoja akiumwa mwingine akeshe naye. Ikawa amri tamu. Protase alikuwa mtu wa kukupokonya kipande cha muhogo mdomoni na kukuachia chake kikubwa zaidi. Mwesiga, ambaye hakuwahi kuwa na ndugu wa kulala naye chumba kimoja, alijikuta akimngoja amalize kipindi ili tu wabishane njiani. Mara kadhaa alitaka kumwambia. Kila mara alijipa sababu ya kungoja hadi wakishaingia, wakishakuwa ndugu kweli.

Hatua ya mwisho iliitwa kutafuna kahawa. Hakuna mteule aliyeambiwa zaidi ya jina hilo, na Mwesiga hakuona la kuogopa. Buni za kutafuna zipo kila nyumba ya Kihaya. Mgeni hupewa kabla hata ya kuulizwa habari za alikotoka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Walipelekwa nje ya mji, kwenye kibanja cha mjomba wa mwanachama mmoja, katikati ya migomba na mibuni, wakavuliwa viatu na kuingizwa kwenye nyumba ya nyasi iliyotandikwa majani mabichi. Wakubwa walipanga duara. Mwijage alishika kikapu kidogo cha buni. Karugendo alikuwa na wembe.

Jozi ya kwanza waliitwa katikati. Wakapandisha mashati. Karugendo akamchanja mmoja chini kidogo ya kitovu, damu ikachomoza, kisha kwa wembe ule ule akamchanja mwenzake. Mwijage akapasua buni vipande viwili, kila mmoja akapaka kipande chake kwenye damu yake, wakabadilishana, wakatafuna, wakameza.

"Wembe mmoja," akasema Mwijage.

"Damu moja," wakajibu wote.

Mwesiga aliutazama mlango, Mwana-Omukago mmoja alikuwa ameegemea hapo. Alifikiria kujifanya amezimia. Alifikiria kusema tumbo linamuuma. Alikumbuka pia daktari wa kliniki alivyomwambia safari iliyopita kwamba virusi vyake vimefubaa hata mashine haivioni, na kwa muda mfupi, muda wa aibu, akajiuliza kama hilo halitoshi. Kisha akamwona Protase anasimama, anapandisha shati, tumbo lake kubwa likicheka hata pale, anamwambia Karugendo, "Anza na mimi, kaka. Huyu beki anaogopa damu."

Watu wakacheka. Mwesiga naye akasimama.

"Naomba nisichanjwe," alisema.

Kicheko kikakatika. "Kila aliyemo humu amechanjwa," alisema Mwijage kwa upole. "Hata mimi."

"Basi naomba nitafune tu buni. Msinichanje."

"Unatuona wachafu?" aliuliza Karugendo. Akamsogelea na wembe mkononi. "Tumekutazama miezi yote hii, tumekulisha, tumekuita ndugu, leo unaringa? Pandisha shati."

"Kaka, rudi nyuma."

"Pandisha shati!" Karugendo akalishika shati la Mwesiga, akalivuta.

Mwesiga akamdaka mkono wenye wembe akaushikilia mbali na mwili wake, wote wawili wakivutana, na maneno yakamtoka kwa sauti aliyoona si yake. "Nina VVU! Nimezaliwa navyo. Usinikate!"

Karugendo akauachia wembe ukaanguka kwenye majani. Akajitazama vidole, upande huu na upande huu. Hakuna aliyesogea. Wale wawili wa jozi ya kwanza walitazamana, kisha wakautazama wembe, na mmoja wao akaanza kujifuta midomo kwa mkono wa shati, taratibu, bila kukoma.

"Uliulizwa," alisema Mwijage hatimaye.

"Niliulizwa. Nikadanganya."

"Ondoka."

Mwesiga alimtazama Protase. Protase alikuwa bado ameshika shati lake juu, macho chini.

Mwesiga alichukua viatu vyake mlangoni akavivalia barabarani.

Kufikia Jumatatu chuo kizima kilijua. Hakuna aliyemtukana. Beseni lake la kufulia liliachwa peke yake kwenye kona, kitanda cha jirani yake bwenini kikahamishwa, na darasani benchi lake likawa na nafasi tele. Jioni alimpigia shangazi Edvina.

"Wameshajua, shangazi. Nataka kurudi nyumbani."

Kule Kimwani alisikika kuku, na shangazi akimfukuza. "Nani amekufukuza? Chuo?"

"Hapana."

"Walimu?"

"Hapana, lakini..."

"Dawa umemeza?"

"Ndiyo."

"Basi kesho nenda darasani. Ukija hapa nitakukaribisha kama mgeni, utakula, na jioni nitakusindikiza stendi."

Akaenda darasani. Wiki ile Protase alikuja akakaa kwenye lile benchi tupu. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Nilipaswa kutoka na wewe. Miguu ilikataa." Mwesiga hakumjibu siku ile, wala siku iliyofuata, na Protase aliendelea kukaa pale pale mpaka siku moja Mwesiga akamwazima rula.

Aliyemshangaza ni Mwijage. Alimkuta anamsubiri karibu na uwanja wa mpira, macho mekundu, midomo imekauka.

"Mwaka wangu tulikuwa jozi nyingi," alisema. "Wembe ulianzia kwa wakubwa ukamalizia kwetu. Mmoja wao tulimzika mwaka jana. Tuliambiwa ni homa ya mapafu." Akatazama uwanjani. "Mimi nimechumbia, Mwesiga. Joanitha hajui lolote. Sijalala tangu Jumamosi ile. Sijui hata mtu anaanzia wapi."

Mwesiga angeweza kumwambia neno lile lile aliloambiwa yeye, ondoka. Alilisikia kabisa likimjia mdomoni. "Tunaanza kwa kupima," alisema. "Nitakupeleka."

Walikwenda kliniki ya upande wa pili wa mji. Muuguzi, sista Alistidia, mama wa makamo aliyemfahamu Mwesiga tangu alipofika chuoni, alimchukua Mwijage ndani, akamweleza, akamtoa tone la damu kidoleni, kisha akamrudisha kwenye benchi la nje asubiri. Mwijage alikaa akiwa ameinama, viwiko juu ya magoti. Mguu wake mmoja ulitikisika hata benchi zima likatikisika.

"Wewe uliwezaje kukaa na jambo hili miaka yote?" aliuliza.

"Sikukaa nalo. Nilikua nalo."

"Na ukiwa nalo, unaota mambo ya baadaye? Mke, watoto?"

"Naota sana. Daktari anasema nitawapata, na hawatakuwa nalo, mradi nifuate dawa."

Mwijage alimtazama, kama ndiyo kwanza anamwona. Mlango ukafunguliwa. "Baba, ingia," alisema sista Alistidia, na uso wake haukuonyesha lolote, maana wamefundishwa kutoonyesha. Mwesiga alibaki na benchi. Alijikuta anamwombea mtu aliyemfukuza, na aliomba kwa bidii kiasi cha kujishangaa.

Mwijage alitoka, akapita bila kusema, akaenda hadi kwenye ukuta wa nje, akachuchumaa, akalia kama mtoto. Mwesiga alimfuata.

"Sina," alisema Mwijage kati ya kwikwi. "Sina, ndugu yangu." Akamshika mkono, na hapo akaonekana kukumbuka jambo. "Nisamehe. Mimi nakulilia mambo mazuri, wewe..."

"Lia tu," alisema Mwesiga. Lakini ilimuuma, na hakuficha kwamba ilimuuma.

Kwenye mkutano uliofuata Mwijage aliwaambia wenzake kwamba alikwenda kliniki kupima, akasema wembe umekwisha. Karugendo akasimama. Alisema bila damu Omukago ni klabu ya mashati tu, na kwamba mwenyekiti amewauza kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Akatoka na baadhi yao. Mpaka wanahitimu, yeye hakuwahi kusemeshana na Mwesiga wala, kwa kadiri watu wanavyojua, kwenda kupima. Waliobaki walikwenda kliniki mmoja mmoja. Mmoja wa wanachama wadogo alikutwa na virusi. Mwesiga ndiye aliyekuwa naye kwenye benchi.

Walipomwita tena, aliwaacha wasubiri jibu. Kisha akasema ataingia ikiwa wataenda kwanza kumsalimia aliyemlea.

Walifika Kimwani wakati wa likizo, Mwijage, Protase na wengine, mashati meupe yakiwa yamebadilika rangi kwa vumbi la barabara. Shangazi Edvina aliwasalimia, akawataka waoshe mikono, akamwaga ndizi na maharage kwenye jani moja kubwa la mgomba, katikati ya mkeka. Hakuleta sahani.

"Kaeni. Mwesiga, kaa katikati yao."

Mikono ikaenda kwenye chakula. Wa mmoja ukabaki nyuma, mkono wa kijana mwembamba aliyekaa mwisho. Shangazi alimwona.

"Mwanangu, hushibi kwa kutazama."

"Nangoja kipoe, mama."

"Kimeshapoa," alisema shangazi Edvina, akaketi karibu naye, akamngoja mpaka akala.